Aliyeimba Ameketi

"Mtu akiimba ameketi, Mungu hamsikii?" Hilo ni swali aliloliuliza marehemu katika kikao cha waumini baada ya ibada, Jumapili ya tarehe 12 Juni 2022, ndani ya kanisa hilihili, mwenyekiti wa baraza la wazee akatazama saa yake, mchungaji akasema tufunge kwa sala, na swali likaachwa hapo hadi leo tunapomsindikiza aliyeliuliza. Mimi ni mtoto wa mdogo wake, yeye ndiye aliyenilea, na familia imenipa kazi ya kuwasomea historia yake. Mjomba ameniomba nisigeuze msiba kuwa mdahalo wa chuo, nami nimemwahidi kusoma yaliyotokea tu. Yanatosha.

Marehemu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Mama Pindo, alizaliwa tarehe 3 Machi 1956, katika chumba cha nyuma ya karakana ya baba yake, aliyekuwa seremala, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wanne. Alianza shule ya msingi mwaka 1964, akamaliza darasa la saba mwaka 1970, na mwaka uliofuata akapelekwa kwa shangazi yake kujifunza kushona, ambako, kwa maneno yake mwenyewe, mwaka wa kwanza wote alifumua tu.

Mwaka 1975 aliweka cherehani yake kwenye baraza ya duka la misumari, akashona sare za shule kwa zaidi ya miaka arobaini, na jina lake alilipata hapo, kwa sababu kila gauni na kila suruali aliiachia pindo nene kwa ndani. Wazazi walipolalamika kwamba anakula kitambaa aliwajibu, "Huyu mtoto si mlingoti, atarefuka, mwakani njoo nifumue pindo, sare ni ileile." Wengi mliopo hapa mmevaa sare hizo, akiwamo mwenyekiti, ambaye suruali yake ya darasa la nne ilifumuliwa mara mbili, na hatukumsikia akilalamika.

Tarehe 17 Juni 1978 alifunga ndoa na fundi rangi ambaye alileta suruali ipunguzwe kiuno, akairudisha iongezwe, akaileta tena ipunguzwe, mpaka shangazi akamwambia aseme anachotaka au ahamie kwa fundi mwingine. Walijaliwa watoto wawili wa kiume, na mwaka 2004, mama yangu alipofariki, wakaniongeza mimi. Mumewe alitangulia mwaka 2011.

Katika kanisa hili marehemu alikuwa mwanzishaji wa nyimbo tangu mwaka 1983, kabla hakujaletwa kinanda wala spika. Alianza chini, ili wazee wafike na watoto wafike, ubeti wa tatu akaupunguza mwendo akiona walio mbele wameishiwa pumzi, na mvua ilipopiga bati mahubiri yasisikike, aliinuka akaanzisha wimbo mpaka mvua ikakatika, na mchungaji akaendelea palepale alipoachia. Hakuna aliyesema utaratibu umevunjwa. Vijana walipotaka kupiga makofi, na wazee wakanuna, yeye ndiye aliyewakalisha pamoja akawaambia, "Ibada nayo ina pindo. Kitambaa hatubadilishi, ila watoto wamerefuka." Makofi mnayoyapiga leo kila Jumapili yalipita mikononi mwake.

Mwaka 2021 miguu ilianza kumvimba, madaktari wakaona ni moyo, wakamkataza kusimama muda mrefu. Akaleta stuli yake ya kushonea, akaiweka pale mbele, akaanzisha nyimbo ameketi, na sauti ilikuwa ileile. Ndipo baraza la wazee likakumbuka kwamba kwa desturi ya kanisa anayeongoza husimama. Katika kikao kile mwenyekiti alimwambia mbele ya watu wote, "Mama, ugonjwa ni wako, utaratibu ni wa kanisa," na marehemu akamjibu, "Baba, huo utaratibu nimeushona pamoja nanyi, najua pindo lake liko wapi," kina mama wa viti vya nyuma wakacheka, kisha akauliza lile swali.

Niruhusuni niwakumbushe hiyo desturi. Mwenyekiti alipomwoza mwanawe, ibada ya Jumapili ilisogezwa alfajiri na sala ya toba ikarukwa ili magari yasichelewe. Mchungaji alipoteguka kifundo cha mguu, alihubiri ameketi mwezi mzima, juu ya mto alioushona huyu tunayemzika, na tulisema amina. Kwa hiyo msituambie mlikuwa mnalinda mapokeo. Mapokeo yenu yanavutika kama mpira kwa mwenye cheo, yanakuwa chuma kwa fundi cherehani. Nanyi vijana wenzangu wa kinanda, aliyeyatetea makofi yenu alipouliza swali lile, mlikuwa mnakunja nyaya.

Jumapili iliyofuata stuli yake ilikuwa bado pale mbele, na juu yake mlikuwa mmeweka chombo cha maua ya plastiki. Maua yaliruhusiwa kukaa. Yeye alikaa kiti cha mwisho karibu na mlango, akaimba kwa sauti ndogo, hakukosa ibada hata aliposhikwa mkono kuingia. Nyumbani aliniambia, "Usiwachukie, mwanangu, ila usiwasahaulishe." La kwanza bado linanishinda.

Mwezi Januari hali ilibadilika, akalazwa, na Alhamisi tarehe 9 Februari 2023, saa kumi jioni, alifariki dunia, akiwa ameketi kitandani, ameegemea mito, akimwanzishia wimbo mgonjwa wa kitanda cha pili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kumkemea, majirani waliopika na kufua bila kuitwa, mafundi wenzake wa barazani waliofunga kazi tangu Alhamisi, na mgonjwa wa kitanda cha pili, aliyemalizia ubeti. Baraza la wazee limetuma shada kubwa. Tumeliona.

Mama Mkubwa, pumzika, hakuna tena wa kukuambia usimame.

Stuli yake nimeirudisha pale mbele, maua nimeyaweka chini. Sasa utaimbwa wimbo wake wa kumuaga, na najua desturi inatutaka tuuimbe tumesimama. Mchungaji, mwenyekiti, nanyi nyote mlioanza kuinuka, naomba mkae.