Ulinzi Nilioufundisha Ukanikamata Mwenyewe

Ndugu zangu, Bwana apewe sifa, hapa ndani na huko nje mlikokaa kwenye nyasi! Mimi ni mzee sasa, mnaiona fimbo yangu. Leo nasimama kwa furaha kuwaeleza jinsi Mungu alivyoniangusha chini mbele ya watu wa kwetu Itiryo ili aniokoe.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilirudi nyumbani kutoka sekondari nikiwa na kaptula ya kaki, viatu na kiburi. Nikapewa kazi ya ualimu katika shule ya misheni. Hapo alikuwepo mmisionari kijana kutoka Amerika, tukimwita Bwana Weli. Alikuwa ameleta mpira wa kwao, ule mrefu uliochongoka pande zote mbili. Mchezo wenyewe si huu mnaoujua. Mpira hubebwa mikononi. Upande mmoja hukimbia nao, upande wa pili huwakamata na kuwaangusha. Bwana Weli alichukua wakimbiaji. Mimi alinipa walinzi.

Kazi ile niliipenda mno! Niliwafundisha vijana wangu kuziba njia kama tunavyoziba mlango wa zizi fahali akitaka kutoka: mabega chini, macho kwenye kiuno cha mtu. Kichwa hudanganya, miguu hudanganya, lakini kiuno huenda kule mtu anakokwenda. Wakimbiaji wa Bwana Weli walikula vumbi kila Jumamosi. Akina mama waliotoka kuteka maji walitua mitungi yao watazame, na mzee mmoja akauliza kama watoto wa shule siku hizi hugombania boga.

Lakini ndani yangu palikuwa na kitu kingine. Nilipokuwa bado sekondari, watu wa ukoo wa ng'ambo ya mto walivamia boma letu, wakachukua ng'ombe wa baba, na mkuki wao ukamwacha kaka yangu Wambura akichechemea. Sasa, kati ya wale wakimbiaji alikuwepo Mwita, mtoto wa mmoja wa wavamizi. Mwita mwenyewe hakuwepo siku ile. Nilijua hivyo, wala sikujali. Kila nilipoiona miguu yake miwili mizima, niliukumbuka mguu wa Wambura. Ndugu zangu, asubuhi niliomba na watoto, na jioni nilipanga jinsi ya kumvunja mguu mmoja wao! Na mchezo ule ulinipa ruhusa. Ningemvunja mchana kweupe, na watu wangepiga makofi.

Ikaja siku ya wazazi. Koo zote mbili zilijaa kando ya uwanja. Nikawaita pembeni walinzi wangu, wote vijana wa ukoo wetu, mkubwa wao Chacha. Nikawaambia Mwita akishika mpira, mmoja amzuie juu na wengine waliangukie goti lake. Wakainamisha vichwa, wakarudi uwanjani. Nikadhani ni utii.

Mwita akapata mpira. Chacha akamfikia, akamkumbatia kiunoni, akamlaza kwenye majani taratibu kama mama anavyomlaza mtoto aliyesinzia. Kisha akamwinua na kumpangusa vumbi. Mara ya pili ikawa hivyo hivyo. Mwanamke mmoja akaniuliza kwa sauti, "Mwalimu, hawa ni walinzi wako au ni yaya wake?" Uwanja mzima ukacheka.

Nikavua viatu, nikaingia mwenyewe. Bwana Weli alipiga filimbi, sikumjali. Mwita alisimama na mpira wake, akinishangaa. Ndipo vijana wangu wakajipanga mbele yake, mabega chini, macho kiunoni kwangu. Nikaenda kulia, pamezibwa. Nikaenda kushoto, pamezibwa. Nikajaribu kupenya katikati, wakaniangusha na kunilalia wote. Nilikuwa nimewafundisha vizuri mno!

Chacha akasema karibu na sikio langu, "Mwalimu, utusamehe. Huyu tulisimama naye kwa ngariba asubuhi moja. Tukiimwaga damu yake, tutanawa na nini?"

Mimi sikujua. Kabla ya uvamizi ule, ngariba wetu aliugua, wazee wakawapeleka vijana wetu kutahiriwa kwa ngariba wa ng'ambo ya mto. Na kwetu waliosimama pamoja siku hiyo ni ndugu mpaka kaburini, hawaumizani. Kila mtu uwanjani alilijua jambo hilo. Mimi nilikuwa mbali na vitabu vyangu, na niliporudi sikuuliza, maana mambo ya nyumbani niliyaona ya kishamba.

Nikiwa chini ya uzito ule, pua kwenye udongo, nikaona aibu yangu. Kama kisu cha ngariba kimewafanya hawa kuwa ndugu wasiodhuriana, damu ya Yesu niliyoihubiri kila asubuhi ilikuwa imefanya nini kwangu? Kifua changu kikafunguka. Nikalia. Halafu, sijui niwaelezeje, nikaanza kucheka, hata vijana wakaogopa kwamba wameniumiza kichwa.

Niliposimama nikamwambia Mwita mbele ya koo zote nilichokipanga.

"Nilijua, mwalimu," akasema. "Ndiyo maana nilikuwa nakimbia sana."

Baada ya ibada ya Jumapili nikavuka mto na Wambura kwenda kwa akina Mwita. Yeye alisema anakuja kutazama tu nitakavyouawa. Baba yake Mwita alitoa kibuyu cha uji wa mtama, akanywa kwanza yeye ili tusiogope sumu. Akautazama mguu wa kaka yangu, akamnyooshea kibuyu. Akasema, "Kunywa, mura," yaani kijana wangu. Wambura akakipokea, akanywa mpaka nikaona shingo yake ikilegea.

Nimefundisha walinzi miaka mingi baada ya hapo, hata Bwana Weli aliporudi kwao na sisi tukabaki na mpira wa miguu. Najuta kwa siku nilizozipoteza nikichukia. Lakini namshukuru Mungu kwa sauti yote niliyobakiwa nayo! Na wewe ndugu yangu, uliyeingia humu ukiwa na mtu unayetaka kumvunja, usimkwepe Bwana. Mwache akuangushe. Kule chini nilipata furaha ambayo sikuwahi kuipata nikiwa nimesimama.