Mikono Iliyosifiwa Titye

Ndugu zangu, nianze na lile nililolikataa kwa miaka mingi: ugonjwa wa binti yangu umetoka kwetu, si kwa baba yake. Wakwe zangu nisameheni. Niliwasema sana, tena kwa Kiswahili fasaha.

Kwetu Titye wanawake tunasifiwa mikono. Imekakamaa, mishipa imetuna kama kamba. Siku ya posa yangu, shangazi wa mume wangu alinishika mkono akawaambia wenzake, "Huyu hata shamba la mawe atalilima!" Nami ndiyo kwanza nimetoka chuo kikuu, jembe nilikuwa nalishika nikipigwa picha. Lakini kichwa kilivimba. Dada yangu alikuwa na mikono hiyohiyo. Alifariki kwa kisukari, nasi msibani tukanong'ona kwamba alizidisha ndizi mbivu.

Binti yangu alipopatwa na sukari, tukiwa hapa Kibondo, akaanzishiwa sindano za insulini. Dozi ikaongezwa, ikaongezwa tena. Sukari haikushuka. Shingo yake ikawa nyeusi. Nikaisugua kwa dodoki mpaka akalia. Nikamwambia, "Wewe unamwaga dawa."

"Mama, nachoma."

"Ungekuwa unachoma ingeshuka. Mimi nimesoma."

Ndugu zangu, nawaambia, kuna ujinga ambao bila shahada huupati.

Siku moja akaniwekea sindano mkononi. "Nichome wewe. Halafu uniamini."

Nikamchoma wiki nzima, chakula nikampakulia mwenyewe. Sukari ikabaki palepale. Ningepaswa kufurahi kwamba mwanangu si mwongo. Badala yake niliogopa kuliko mwanzo. Uongo ningeukomesha kwa ukali. Hili ningelikomesha kwa nini?

Tukaenda Kasulu. Daktari mmoja, mgeni wa mkoa huu, akambana binti ngozi ya mkono kwa vidole viwili, kisha akanigeukia. "Mama, na wewe lete mkono." Akabana. "Hapa chini hakuna mafuta kabisa. Yakikosa mahali pake, yanajaa kwenye ini na misuli, halafu mwili hauisikii insulini. Shingo nayo inakuwa nyeusi. Si uchafu. Kwenu kuna mwingine mwenye mikono hii?"

Nikamtaja dada.

Damu ya binti ikapelekwa mbali kupimwa, nasi tukarudi kungoja.

Nawashukuru ninyi mliokuwa mkishinda na binti yangu nikiwa kazini. Nashukuru baba yake, ambaye alikuwa na haki ya kunicheka na hakuitumia. Ugonjwa huu hauishi; tunabadilishiwa dawa, tunaishi nao. Ila mgonjwa akikwambia dawa amechoma, mwamini kwanza, kisha tafuteni pamoja naye kwa nini haifanyi kazi. Dada yangu hakupata mtu wa kumwamini, na mimi nilikuwepo.

Simu ile ya Kasulu ilikuja tukichambua maharage, mimi na binti. "Mama, majibu yametoka," daktari akasema. "Ugonjwa ni wa kurithi, na kwa mikono niliyoiona, umepita kwenu. Binti hakukosea kitu."

Nikayarudia maneno hayo kwa sauti ili ayasikie. Binti akapangusa mikono kwenye kanga, akaichukua simu.

"Shikamoo, daktari. Na mama nimlete lini kupimwa?"