Jina la Pitou ni Mali ya Kampuni

Ukitaka kujua kiwandani kuna nini, usihangaike kwenda ofisini. Kaa kwenye benchi la Mama Zélie, nje ya mkahawa wake, mtaa ule wa kupanda, macho yakiangalia geti la kiwanda. Kiwanda chenyewe ni cha sinema. Paa lake vioo vitupu, kwa hiyo kazi inakwenda na jua: wingu likitanda, mashine ya kupigia picha inasimama na watu wanavuka barabara kufuata kahawa. Jumatano ile ya mwezi wa tatu wingu lilitanda toka saa tatu asubuhi. Wa kwanza kufika kijiweni alikuwa Ernestine Pouget, mshona nguo, ambaye pale wanamwita Mkasi. Hakuagiza kitu. Mapajani kaweka koti dogo la mistari, mkononi kashika wembe wa kufumulia, na hakuwa amefumua hata uzi mmoja. Mwanamke kavimba, ukimgusa anapasuka.

— Mkasi, leo mbona umenuna? aliuliza Fulgence seremala, ndiye Randa, akijibwaga pembeni yake na kikombe.

— Hili koti unalijua?

— La Pitou. Nani Paris hii halijui?

— Nimeambiwa nilipunguze. Mikono sentimita kumi na nne, na urefu hivyo hivyo.

— Kwani mtoto kanywea?

— Usinitanie, Randa, sina hali hiyo. Wameleta mwingine. Ana miaka minne. Jua likitoka tu wanampiga picha, na anaitwa Pitou.

Randa akakiweka kikombe chini. Ng'ambo ya barabara, nje ya geti, alisimama mtoto wa miaka tisa, kofia mkononi, anapiga teke kijiwe kimoja kinaenda, anakifuata, anakirudisha. Huyo ndo Pitou. Miaka mitano watu wamelipa viingilio kumcheka huyo.

— Mbona yuko nje?

— Mama yake yuko ofisini toka asubuhi anabembeleza. Mwanawe mlinzi kamzuia. Mtoto aliyekuwa akipita pale anamvuta masharubu, leo kaambiwa asubiri barabarani kama muuza mswaki.

— Kosa lake nini?

— Kakua.

Randa akashika kichwa.

— Basi hilo kosa ni langu. Mi ndo nimeulea huu ujinga wao. Mwaka juzi meneja kaniambia, Randa, mtoto anarefuka, ongeza ukubwa wa meza. Nikaongeza. Mwaka jana kiti, mlango, kitanda. Krismasi nimemchongea kijiko kama koleo la makaa, ili mkono uonekane mdogo. Wiki iliyopita yule dada anayeigiza mama yake kakaa kwenye kiti changu, miguu haifiki chini. Mama na mwana wote wananing'iniza miguu mezani. Ndo meneja akashtuka.

— Acheni uongo, siyo viti, ilisema sauti nyuma yao.

Alikuwa Théodule, anayeitwa Marehemu. Kazi yake ni kufa. Kagongwa na gari la farasi, kaanguka toka paa, kamezwa na kisima, yote kwenye sinema, na kila akifa anakuja kunywa kahawa.

— Ni ule mpini wa mashine, alisema, akijibana katikati yao. Hamjaona kwenye kitambaa cha kuonyeshea sinema watu wanavyokwenda mbio mbio? Jamaa wa mashine anauzungusha kupita kiasi. Miguu ikienda mbio na umri nao unaenda mbio. Mtoto kakaa mbele ya mashine miaka mitano, mashine imemla kumi.

— Na wewe mbona huzeeki?

— Mi nakufa. Maiti anazeekaje?

— Mi naona hivi, alisema Randa, akishusha sauti. Yule mdogo siyo mtoto. Nimemwona asubuhi kwa karibu, kidevu kama kimepita wembe. Wamemtoa sarakasi. Ana mke huko kwao.

— Mke gani, bwana. Hao wanaagizwa. Kuna kitabu, kama vile vya maduka makubwa, unachagua nywele, unachagua mashavu. Chini ya ofisi kuna Pitou saba wamepangwa kwa saizi, wanalishwa uji. Huyu akiota meno ya ukubwani wanapandisha wa chini yake.

— Na wale walioota meno wanapelekwa wapi?

— Jeshini.

— Funga bakuli lako, Marehemu, alisema Ernestine. Mtoto mwenyewe yuko pale anatuona tunacheka.

Ernestine akalikunja koti, akalikunjua tena.

— Mnajua mama yake alitia sahihi nini? Kanionyesha karatasi chooni jana, analia. Imeandikwa, Pitou, yaani jina, koti, kofia na cheko, ni mali ya kampuni.

— Cheko? Sinema haina sauti.

— Wameliandika hata hivyo. Mama wa watu ni dobi, kaambiwa weka kidole hapa, akadhani ni habari ya kofia isipotee.

— Mbwa hawa, alisema Randa. Yaani hata akicheka nyumbani kaiba?

— Februari ile ya picha ya mfereji, mbwa anamwokoa Pitou majini, mlikuwepo, Ernestine aliendelea. Barafu pembeni. Wakamtumbukiza. Mbwa akagoma kumrukia. Wakamtoa, wakamtumbukiza tena, mbwa kagoma. Mara ya tatu ndo mbwa akaruka, wakapiga makofi, wakampa mbwa soseji. Mtoto nimemkausha mimi na sketi yangu ya ndani. Wiki mbili homa. Hilo koti nimelishusha pindo mara nne, kila mwaka, mi mwenyewe, nikimwambia kua baba, kua, kitambaa kipo. Leo nilikate? Kwa mkono huu huu?

— Usikate, alisema Marehemu.

— Sikati.

— Basi na mimi sipigi msumari, alisema Randa. Na vijana wangu hawapigi. Tuone hiyo nyumba ya Pitou wataiegemeza wapi.

— Na mi sifi.

— Tuandike, alisema Ernestine. Barua, sahihi zote, mafundi, washonaji, wapaka rangi. Ifike kwa meneja kabla jua halijatoka. Yule mdogo akishapigwa picha moja kwa jina hilo, imekwisha, hakuna wa kuirudisha.

Wote watatu wakaangalia juu. Wingu lilikuwa limeanza kuwa jeupe upande mmoja.

Tatizo likawa nani aandike. Ernestine anasoma, ila kalamu hajaizoea. Randa anajua tarakimu tu. Marehemu mwandiko wake hata yeye akiurudia anaukana. Ndani ya mkahawa kulikuwa na mgeni mmoja, Corentin, kijana wa Kibretoni aliyeanza kazi Jumatatu. Huyo kazi yake ni kuandika herufi za kwenye kadi, zile zinazotokea katikati ya picha. Wakamwita. Akaja na karatasi na kalamu, mpole, akaweka ubao magotini, akaandika salamu kwa meneja herufi zimesimama kama askari wa gwaride.

— Haya, alisema Ernestine. Andika. Sisi tuliotia sahihi hapa chini hatutashika kazi mpaka Pitou arudishwe.

Kalamu ikasimama hewani.

— Arudishwe wapi, mama? Pitou yuko ndani.

— Yuko pale getini. Humwoni?

— Yule simjui. Mi Jumatatu nimepewa kadi niandike Pitou, nikaonyeshwa mtoto mdogo, yuko ndani sasa hivi anachanwa nywele. Tukiandika hivi meneja atajibu, Pitou hajaenda popote, rudini kazini. Na atakuwa hajadanganya.

— Ujanja wa shetani, alisema Marehemu.

— Kwa hiyo tumtaje kwa jina lake, alisema Corentin. Huyu wa nje anaitwa nani? Jina la kwao.

Randa akamwangalia Marehemu. Marehemu akaangalia kikombe chake.

— Marcel, alisema Randa. Au Maurice. Kuna M.

— Hamna M, alisema Marehemu. Hata mama yake anamwita Pitou.

— Mkasi, we ndo umemlea. Sema.

Ernestine alifungua mdomo. Alikumbuka wiki ile ya kwanza, mtoto ana miaka minne, mama yake kasimama nyuma ya mashine anamwita kwa sauti, jina zuri tu, refu kidogo, na mtoto akageuka wakati hakutakiwa kugeuka, picha ikaharibika. Na yeye Ernestine, na pini mdomoni, ndiye aliyemshika yule mama mkono akamwambia: hapa anaitwa Pitou, dada, hilo lingine liache nyumbani, utamchanganya mtoto. Mama wa watu kaomba radhi. Hakuliita tena. Alikuwa kamwita nani? Ernestine alilitafuta, akalitafuta tena, akaikuta ile pini tu.

Mama Zélie alitoka kukusanya vikombe, akasema kahawa imekwisha na kengele ya kurudi kazini inakaribia. Kweli, vioo vya kiwanda vilikuwa vimeanza kung'aa.

— Namwuliza mwenyewe, alisema Ernestine.

Akanyanyuka, koti mkononi, akavuka barabara. Mtoto alikuwa kampa mgongo, anatafuta kijiwe chake chini ya geti. Hakuwa na kingine cha kumwitia.

— Pitou.

Mtoto aligeuka taratibu, akavaa kofia, akamjibu kwa adabu kabisa, kama alivyoelekezwa pale getini asubuhi ile:

— Yuko ndani, Mama Mkasi. Nikuitie?