Pumzi ya Pili Kwenye Kilima cha Njia ya Kibombo

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hapa Kasuku, mjini Kindu, asifiwe na ng'ambo ya mto! Mimi ni Kapinga, mke wa Kalala yule anayefanya kazi kwenye treni. Wengi mnanijua kwa sauti, maana nauza mchele sokoni na kunyamaza sijui. Leo ndiyo kabisa sinyamazi! Nimesimama kushuhudia jinsi Mungu alivyonitoa mautini, mimi na mtoto wangu, kwa mkono wa mtu mmoja na chupa moja ya gazi.

Ndugu zangu, zamani nilikuwa mwanamke wa machozi. Nilizika watoto wawili ambao hawakulia hata mara moja. Mimba ya tatu ilipoingia, niliogopa kuitaja. Niliogopa hata kukata kitambaa cha nepi. Nilikuwa naomba, ndiyo, lakini niliomba kama mtu anayegonga mlango wa nyumba anayojua haina watu.

Sasa mjue habari za shemeki yangu Ilunga, kaka mkubwa wa mume wangu. Ni fundi wa magari, garaji yake iko karibu na stesheni. Ujanani kule Lubumbashi alimfanyia kazi mzungu mmoja aliyependa mashindano ya magari. Mzungu aliporudi kwao alimwachia chupa nzito ya chuma, na mipira yake ya kupitishia gazi na vifungo vyake. Ndani yake mna gazi ile ile ambayo madaktari humvutisha mgonjwa asisikie maumivu. Lakini ukiipeleka kwenye motere ya gari, ndugu zangu, motere inapata pumzi ya pili! Inachoma esanse, yaani petroli, nyingi kwa mara moja, inapata nguvu ambayo haikuzaliwa nayo.

Watu walicheka. Walisema Ilunga anainywesha pikapu yake pombe. Vijana walimfuata wakitaka kushindana njia ya uwanja wa ndege. "Yaya, kaka yetu, tupe mara moja tu!" Yeye akajibu, "Hapana. Barabara iko ya watu. Hii kitu haiko ya kuchezea." Mama-mkwe wangu, Mama Ngoie, alikuwa akilalamika jikoni: "Mutoto wangu mumoja alioa treni, mwingine alioa chupa!"

Lakini mimi nilimwona akifanya kazi ile, na nawaambia, sijaona mtu mwangalifu kama yule. Siku moja nilimpelekea chakula, akanieleza huku anakula ugali. Chupa hakuiweka mahali pa dereva, kwa sababu ikivuja humo itamlewesha, naye atalala kwenye usukani. Aliifunga nyuma kwenye karoseri, pale pa mizigo, penye hewa, akaifunika gunia lililoloweshwa maji ili jua lisiichemshe. Tundu la kupitishia gazi alilichagua dogo kuliko yote aliyoachiwa. "Motere hii ni mzee," alisema, "hatumlishi nyama nzima." Tena gazi haiendi peke yake. Ikiingia, esanse ya ziada inaingia nayo kwa mupira wake wenyewe, maana pasipo hiyo moto wa ndani unakuwa mkali na kuyeyusha pistoni. Cheche inayowasha esanse aliichelewesha kidogo. Na kitufe cha kufungulia alikiweka chini kabisa ya pedali ya esanse: mguu usipofika mwisho, gazi haifunguki. Ilipoisha alisubiri miezi mpaka ijazwe Lubumbashi, mume wangu ailete kwa treni. Wala hakuwahi kuivuta puani, hata kwa mzaha!

Ndugu zangu, siku ya shida ikafika. Nilikuwa shambani kwetu, njia ya Kibombo, tunavuna mpunga na Mama Ngoie. Mume wangu alikuwa safarini na treni. Ilunga alikuja na pikapu kuchukua magunia. Asubuhi ile uchungu ukanishika kabla ya wakati wake. Wakamwita Mama Sakina, muzalishaji wa kijiji. Alinipapasa tumbo. Kisha akamvuta mama-mkwe wangu pembeni, lakini nilisikia.

"Mutoto amelala kwa upande. Mimi siwezi. Lazima Kindu, lazima kisu cha daktari. Na leo hii."

Ee Bwana! Nilijua. Nikasema moyoni, huyu ni wa tatu, na mara hii tunakwenda wote.

Ilunga alishusha magunia yote. Wakatandika godoro kwenye karoseri, wakanilaza, Mama Ngoie upande mmoja, Mama Sakina upande wa pili, na wanaume wawili wa kijiji wakapanda ili wasukume tukikwama. Mvua ilikuwa imenyesha. Mnakijua kile kijito chenye daraja la magogo, lile ambalo watu walilitengeneza kwenye salongo, kazi ya pamoja? Mbele yake mna matope, halafu kilima. Kilima kile ni kirefu, na huwezi kukikimbilia toka mbali, kwa sababu ya daraja. Siku nyingine pikapu ile ilishindwa kukipanda hata bila mizigo, ikarudi kinyumenyume. Na kurudi kinyumenyume pale, kwa breki zilizolowa, ni kuanguka kijitoni.

Tulivuka magogo polepole. Kwenye matope matairi yakazama. Wanaume wakashuka, wakasukuma. Mimi uchungu ulinikata, nikapiga kelele. Mama Sakina akagonga paa la kibanda cha dereva: "Fungua ile gazi yako, raia, sitwayen! Unamungojea nani?"

Ilunga akatoka, matope mpaka magotini. Hakukasirika. "Mama, matope haipendi nguvu," akasema. "Nikifungua hapa, matairi itazunguka bure. Na motere ikizunguka polepole, gazi itaipasua. Hapo tutabaki wote hapa." Akakata matawi kwa panga, akayalaza chini ya matairi kwa mikono yake. Gari likatoka kwa upole, kama mtu anayetoka kitandani bila kumwamsha mwenzake.

Chini ya kilima pana mahali tambarare, penye changarawe ngumu. Hapo akasimama. Wanaume wawili akawaambia wabaki, gari liwe jepesi. Akaja nyuma, akafungua koki ya chupa, akapapasa kila kiungo cha mupira, akatega sikio kama kuna mahali panapovuja. Mimi nilikuwa nalia. Akaniangalia.

"Shemeki, utasikia gari inalia. Isikutishe. Kisha utasikia inalia zaidi. Ile ndiyo saa ya kumushukuru Mungu."

Akapanda, akaanza. Gia ya kwanza, kisha ya pili. Motere ilinguruma, tukapanda. Mama Ngoie alinishika kichwa mapajani mwake, akawa anapaza sauti, "Fungua, Ilunga! Mwanangu, fungua!" Hakufungua. Alingoja! Ndugu zangu, ni kitu gani kigumu kama kungoja, mama yako anapiga kelele na shemeki yako anakufa? Alingoja mpaka motere ikazunguka kwa nguvu zake zote, mpaka nikaona kilima kimesimama mbele yetu kama ukuta. Ndipo mguu wake ukafika chini kabisa.

Haleluya! Mlio ulibadilika. Gari liliruka mbele kama limesukumwa na mkono mkubwa. Godoro likateleza, Mama Sakina akaangukia miguu yangu. Kando yangu mupira wa chupa ukageuka mweupe, ukaota barafu, barafu kwenye jua la Maniema! Nikausahau uchungu nikiuangalia. Mama Ngoie aliyeichukia chupa ile aliikumbatia kwa mkono mmoja ili isitikisike, akiita jina la Yesu. Miti ikapita. Kilima kikapita. Tulipoona anga peke yake mbele, Ilunga akainua mguu, na motere ikarudia sauti yake ya kila siku.

Juu pale akasimama tena. Mama Ngoie akamfokea, "Twende!"

"Nakwenda, mama. Nifunge kwanza." Akafunga koki, akanusa motere, akatazama rangi ya moshi. Ndipo akakimbiza gari mpaka lopitali ya Kindu, pasipo gazi tena, maana mjini kuna watoto wa watu.

Daktari alituuliza tumepita wapi. "Njia ya Kibombo? Na mvua hii?" Akaniingiza ndani kunipasua. Nikalala usingizi wa dawa. Nilipoamka nilisikia sauti, nikafikiri ni ya mtoto wa mwingine. Mama Ngoie akasema, "Ni wako. Ni musichana. Amekasirika sana." Analia, ndugu zangu! Wa kwangu analia! Nililia naye mpaka muuguzi akanikemea kwa ajili ya mshono.

Walinisaidia kufika dirishani kesho yake. Uani nilimwona Ilunga. Boneti ilikuwa wazi, amezitoa buji, zile plagi za cheche, anazishika moja moja kwenye mwanga kuona kama motere iliumia. Hazikuungua hata moja. Akazifuta, akazirudisha, kisha akapiga magoti pale pale kwenye vumbi, mikono imejaa mafuta meusi, akamshukuru Mungu.

Ndugu zangu, Mungu angeweza kutuma malaika. Alimtuma mtu anayefunga koki. Alimpa nguvu, tena akampa moyo wa kuizuia mpaka saa yake. Binti yangu sasa anajua kuandika jina lake. Wewe unayegonga mlango na kudhani hakuna mtu ndani, mimi nakuambia, Yuko. Endelea kugonga, Anakuja!

Ilunga amekaa kule nyuma, ameinamisha kichwa, maana hapendi kusifiwa. Simama, shemeki! Simama watu wakuone, na mnaotaka kumtegemea Bwana wetu simameni pamoja naye, tumpigie Mungu makofi.