Mwambie Binti Yako Aachie Ndege

Kijiwe cha Foleni kipo Tunduma, kando ya barabara kuu, pale malori yanaposubiri zamu ya kuvuka kwenda Zambia. Benchi lake ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matairi makuukuu, na kila tako lina mahali pake. Katikati hukaa Mzee Mbonile, dereva mstaafu, jina la kijiweni Tela, kwa kuwa kila hadithi yake huja ikivuta nyingine nyuma. Nafasi ya katikati alipewa kwa heshima ya binti yake, Gwantwa, anayehudumia abiria ndani ya ndege. Ndege ikipita juu, hata iwe ya wazungu wasiojua kama Tunduma ipo duniani, kijiwe kizima humwambia, "Mzee, mwanao huyo anapita," naye hunyanyua kikombe kuitikia salamu. Lakini asubuhi hii ya Alhamisi Mzee Tela alikuja kimya, akakaa mwisho wa ubao, upande wenye msumari.

Sababu aliijua kila mtu. Wafanyakazi wa kampuni ya Gwantwa walikuwa wamegoma tangu mwanzoni mwa wiki, na abiria walikuwa wanalala uwanja wa ndege Dar, vichwa juu ya mabegi. Mmoja wao ni Rosemary, anayetakiwa kufunga ndoa Jumamosi kanisani Isongole. Na mwoaji ni Edson, kijana wa kutoa mizigo forodhani, aliyekuwa amekaa hapo hapo kwenye ubao na macho mekundu.

— Mzee, mimi na wewe hatuna ugomvi, Edson alisema. Ila binti yako amemshika mke wangu mateka.

— Hajawa mke bado, alisema Nsajigwa, mbadilisha kwacha za Zambia. Yeye huitwa Redio, maana habari humfikia kabla hazijatokea.

— Si apande basi? aliuliza Enesi, muuza kahawa, huku akipuliza makaa.

— Gauni, dada. Lina mkia mrefu kuliko hili benchi. Kwenye basi litakaa wapi? Litafika linanuka dagaa.

Enesi aliwamiminia tena. Kahawa yake hutoka Iyula, huikaanga mwenyewe, na ameshajifunza kwamba wanaume wanaobishana hunywa zaidi.

— Mimi nina habari za ndani, alisema Redio. Ndege ikikaa chini siku nyingi, matairi yanapungua upepo na injini inapungua kumbukumbu. Inasahau njia.

— Njia anajua rubani, alisema Edson.

— Na rubani naye si yupo nyumbani anakula wali? Anasahau vilevile. Siku wakirudi kazini, mtu anakata tiketi ya Mwanza anashushwa Mtwara.

Hapo akaingia Ambwene, fundi pancha. Yeye huitwa Wakili, tangu siku alipoitwa mahakamani kutoa ushahidi wa baiskeli iliyoibwa.

— Kisheria jambo hili ni jepesi. Mhudumu wa ndege ni nani? Ni utingo. Anafunga mlango, anahesabu watu, anagawa soda. Lini utingo akagoma, lori likashindwa kuondoka?

Mzee Tela aliinamia kikombe chake. Kwa miaka kadhaa alikuwa amekiaminisha kijiwe kwamba ndege ile huongozwa nusu na rubani, nusu na Gwantwa.

— Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma, alisema Redio.

— Hao hata kupanda hawajapanda. Methali yako haihusiani, alisema Wakili.

— Itahusiana wakishapanda.

— Dawa ni moja, alisema Edson, ambaye usingizi ulikuwa umeshamchezea akili. Ile ndege waipakie kwenye lori la kubebea makatapila. Nzima nzima, na abiria ndani. Ivutwe mpaka hapa. Rosemary ashuke kwenye foleni akiwa amekaa dirishani.

— Ikifika mizani?

— Mizani haipimi mabawa.

Wakaijadili hoja hiyo kwa heshima zote, mpaka Redio akauliza darajani itapitaje, na Wakili akashauri mabawa yatangulie kwa basi. Kisha Wakili akageukia mwisho wa ubao.

— Mzee Tela, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wewe ndiye baba. Piga simu, mwambie binti yako aachie ndege.

— Yeye ni mmoja tu katika watu wengi.

— Foleni yote husogea likisogea lori la mbele. Hilo ulitufundisha wewe.

Wakapiga kura kwa kunyoosha vikombe. Redio alinyoosha, Wakili alinyoosha, Edson alinyoosha viwili. Enesi hakuhesabiwa, kwa sababu alikuwa ameshika birika.

Mzee Tela alitoa simu kwa shida, kana kwamba imenasa mfukoni. Tangu mgomo uanze hakuwa amempigia binti yake. Alikuwa anamwonea aibu, kisha anajionea aibu kwa kumwonea aibu, na mambo hayo mawili yalikuwa yamemnyima usingizi. Alibonyeza spika ili kijiwe chote kisikie.

— Shikamoo baba.

— Marahaba mwanangu. Uko wapi?

— Tupo nje ya geti la uwanja, tumetandika mkeka. Tunaimba.

— Wanaimba, Redio alimnong'oneza Edson, na Edson akafumba macho.

— Sasa mwanangu, hapa nipo na wenzangu. Wanasema... tunasema, muwahurumie watu. Kuna harusi ya watu Jumamosi.

— Tunawahurumia baba. Chai yetu tunagawana nao. Ila ndege ikichelewa kuruka, sisi tunakaa nayo chini tangu asubuhi mpaka jioni. Tumesimama, abiria wanatutukana, na saa hizo hazimo kwenye mshahara. Wanahesabu za angani tu.

— Za chini hamlipwi?

— Hatulipwi.

Mzee Tela aliitazama safu ya malori mbele yake.

— Hiyo ni foleni, alisema taratibu.

— Ndiyo baba. Ni foleni.

Ikumbukwe kwamba zamani Mbonile na madereva wenzake waliwahi kuzima malori kwenye barabara hiyo hiyo, mpaka wote wakakwama, wanaokwenda na wanaokuja. Walikuwa wanalala kwenye foleni wiki nzima bila posho, na pa kujisaidia ni mashamba ya watu. Gwantwa alikuwa shule ya msingi. Kila mchana alimletea baba yake ugali na maharage, kisha akakaa chini na kuimba nao.

— Baba, nikuulize kitu?

— Uliza.

— Kile choo mlichogomea mpaka mkajengewa, bado kipo?

Kijiwe kizima kikageuza shingo. Choo kilikuwa ng'ambo ya barabara, milango yake ya bluu inawatazama. Redio alichungulia ndani ya kikombe kitupu. Wakili alikuwa ametoka huko kabla ya kahawa ya kwanza, na alikuwa anajiandaa kurudi baada ya hii ya tatu. Alikunja miguu, akaibana.

Enesi aliweka birika chini, akaisogelea simu.

— Kipo, Gwantwa. Ni mimi, Enesi. Mwaka ule nilikuwa na ndizi zangu za Isongole kwenye lori lililokwama katikati. Ziliiva, zikaoza. Nilimlaani baba yako mpaka Kiswahili kikaniishia, nikaendelea kwa Kindali. Mtaji uliisha, ndiyo nikaanza kahawa.

— Pole sana, mama.

— Usinipe pole. Choo chenyewe nakitumia kila siku, na asante sijawahi kumpa. Laana nayo sijaifuta. Vyote ninavyo.

Mzee Tela hakujua atazame wapi, akautazama msumari. Miaka yote hiyo alikuwa anakunywa kahawa ya mama huyu na hakuwahi kujua.

— Dada Gwantwa, ni mimi Edson, mchumba wa Rosemary, alisema yule kijana. Sasa gauni litafikaje?

— Rosemary ni yule wa gauni la mkia? Mwambie atoke, anikute hapa getini. Kazi yetu ni kushindilia mizigo ya watu kwenye vikabati vidogo, gauni halitushindi. Nitamkunjia, leo hii apande basi, kesho yuko Tunduma.

Edson alisema asante kwa sauti ya mtu aliyekuwa ameandaa neno jingine kabisa. Mzee Tela akazima spika, akaibana simu sikioni, na kijiwe kikabaki kusikia upande mmoja.

— Mmekula? ... Nani anawaletea chakula? ... Basi msinyanyuke kwenye huo mkeka, mwanangu. Msinyanyuke kabisa.

Alipokata simu alikuwa anafuta macho waziwazi. Aliinuka kwenye msumari, akaenda kukaa katikati, na waliokuwepo wakasogea bila kuambiwa. Enesi aliinamisha birika, likatoa machicha matupu.

Wakili alisimama ameinama kidogo.

— Unakwenda wapi? Redio alimuuliza.

— Hapo ng'ambo mara moja.

— Nenda tu, Wakili, alisema Mzee Tela. Ukirudi tutaendelea na hoja yako ya kupinga migomo.