Mchumba wa Baada ya Idi

Teksi ya kwenda Batna ilitoka mjini Kusantina imejaa, na Nadhiri akajikuta kabanwa kati ya mama wawili wasiojuana ambao tayari walikuwa wakibishana.

"Mchumba wa mpwa wangu ni kigeugeu," alisema Bi Warda, kapakata kikapu cha tende. "Uchumba kauvunja mara tatu!"

"Lini na lini?" aliuliza mama wa dirishani.

"Kabla ya Maulidi. Kabla ya Idi ndogo. Na juzi hapa, kwa kuwa Idi ya kuchinja imekaribia."

"Yaani kila mwanamume anapotakiwa ampelekee mchumba wake zawadi?"

"Eeh. Sikukuu ikipita, huyoo, anarudi na machozi."

"Basi mama, usilionee bure neno 'kigeugeu'. Kigeugeu hajui mwenyewe kesho ataamkaje. Huyo wako ni bahili, tena bahili mwenye kalenda!"

"Weee! Kigeugeu tunampa mke, ndoa itamtuliza. Bahili hatumpi hata salamu!"

Nadhiri, ambaye naye alikuwa amechumbia, alianza kukumbuka sikukuu zake kimoyomoyo.

Teksi ikasimama Batna. Kituoni alikuwepo kijana kamshika pembe kondoo dume aliyenona na kufungwa utepe mwekundu.

"Bi Warda! Nimemletea mchumba wangu zawadi ya Idi!"

Bi Warda alimgeukia mwenzake. "Ndiye huyo," alinong'ona.

Mama wa dirishani alimkagua kondoo, kisha kijana.

"Haya, nimeshindwa. Kigeugeu kweli. Waozesheni leo hii, kabla kondoo hajarudishwa."