Hakuna Aliyenishika Shingo

Ndani ya basi la kwenda Mafeteng, Lesotho, mama aliyeketi mbele yangu, 'Malineo, alikuwa akimlalamikia mzee waliyejuana naye tangu kituoni Maseru tu, akimwita ntate, yaani baba.

"Mwaka mzima, ntate, naambiwa chembe za damu zimepungua, nyekundu na nyeupe. Wakanipima Ukimwi, wakarudia, hawakuuona. Mume wangu akasema nawaficha watu ugonjwa, akahamia kwa mama yake. Juzi daktari mgeni kanishika shingo. Kumbe tezi ya shingoni inafanya kazi kupita kiasi, ndiyo inayoshusha damu na kukimbiza moyo."

"Shingo na damu wapi na wapi?" mzee akasema. "Usiwalaumu madaktari, mama. Hata mimi nisingejua."

"Wewe unafuga kondoo. Wao wamesomea."

"Mumeo je? Naye hakusomea. Msamehe."

"Tulilala kitanda kimoja, ntate. Alikuwa akisikia moyo wangu unavyokimbia."

Basi likasimama kijijini kwa mama mkwe wake. 'Malineo aliposhuka, mzee akamuuliza dirishani kama anamfuata mume.

"Nafuata aniombe radhi mbele ya mama yake. Mengine sijui."

Mzee akaanza kumweleza kwamba mambo hayaendi hivyo, lakini basi lilikwisha ondoka, ikabidi anieleze mimi.